Maswali na Majibu: Ramani Zinazosahau Kwamba Wanyama Hutembea

Swali: Nimeweka takwimu za mvua, joto na uoto kwenye programu ya kompyuta inayokisia mahali panapomfaa mnyama. Kwa nini ramani yangu ya nyumbu wa Hifadhi ya Tarangire, Tanzania, inakosea?

Jibu: Takwimu hizo zinaweza kumtosha anayechora ramani ya mibuyu. Nyumbu hukusanyika kando ya Mto Tarangire wakati wa kiangazi kwa sababu maji ya kwingine yamekauka, lakini mvua zinapoanza, wengi huelekea nyanda za Simanjiro, ambako nyasi fupi zina madini ya fosforasi kwa wingi zaidi, na huko ndiko wanakozalia. Aliyewahesabu mwezi Septemba pekee ataionyesha Simanjiro kuwa tupu, na ramani yake ikiwafikia wanaogawa ardhi, uwanja wa kuzalia utageuzwa shamba.

Swali: Je, mahali mnyama alipoonekana mara nyingi ndipo panapomfaa zaidi?

Jibu: Hapana. Kama nyumbu wa Septemba wanavyoonyesha, hutegemea umehesabu lini; anayeuliza aangalie kwanza tarehe na saa alizoandika kwenye daftari lake.

Swali: Tembo wetu wamefungwa visukuma mawimbi, yaani mikanda ya shingoni inayotuma alama za mahali walipo. Bado tuna haja ya kujua tabia zao?

Jibu: Mnayo, tena kubwa. Tembo hupita karibu na makazi ya watu usiku, kwa mwendo wa haraka, hivyo huacha alama chache mno katika ushoroba, yaani njia ya kupita wanyama, ambao tembo hawezi kuishi bila huo, na programu inayohesabu alama tu itauona hauna thamani. Kadhalika, tembo hukwepa miteremko mikali hata penye malisho, kwa kuwa kupanda humgharimu nguvu nyingi. Tena, alama elfu moja za tembo mmoja ni ushahidi wa tembo mmoja.

Swali: Wastani wa mvua wa miaka 30 unaweza kutabiri kwelea kwelea watashukia wapi?

Jibu: Hauwezi. Ndege hawa hula mbegu za nyasi. Mvua ikizichipusha, chakula hutoweka nao huhamia palipotangulia kunyesha, ambako mbegu mpya zimekwisha kukomaa. Fuateni tarehe za mvua za mwaka huu.

Swali: Ramani zinazokisia wanyama watakuwa wapi mwaka 2050, hali ya hewa ikibadilika, ni za kuaminika?

Jibu: Ulizeni kwanza kama mchoraji amechukulia kwamba mnyama atafika popote hali ya hewa itakapomfaa. Kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, ushoroba wa Kwakuchinja umebanwa na mashamba, makazi na barabara kuu; ukifungwa, nyumbu hatapita hapo hata kama ng'ambo ya pili mvua ni ya kutosha.