Ukienda Al Wathba Kutazama Ndege, Kaa Chini

Dada mmoja ameniandikia kwamba alikwenda Al Wathba, hifadhi ya ndege yenye mabwawa jangwani nje ya Abu Dhabi, akazunguka njia nzima, na kila picha aliyopiga ni ya ndege anayeruka kumkimbia. Anauliza kama anunue kamera kubwa zaidi. Dada yangu, usinunue kitu. Kaa chini.

Nilikuwa huko Jumamosi iliyopita. Asubuhi ya Januari jangwani ina baridi ya kuuma masikio. Wenzangu waliteremka na kuelekea moja kwa moja majini, heroe (flamingo) wakasogea mbali. Mimi nikabaki kwenye kibanda cha kutazamia. Mmoja wao akasema nawachelewesha watu kwa ajili ya ndege. Neno hilo bado linanichoma.

Lakini walipoondoka, heroe walirudi. Walikuja polepole wakikanyagakanyaga tope, midomo imepinduka ndani ya maji, wakichuja artemia, wale uduvi wadogo wa maji ya chumvi wanaowapa rangi ya waridi. Wachanga walikuwa bado wa kijivu, nikawatambua hata bila darubini. Kisha kipanga akapita chini juu ya matete, bata wote wakainuka kwa kishindo na kutua tena. Aliyekuwa anatembea angedhani amewashtua yeye.

Eneo hili lilihifadhiwa mwaka 1998, baada ya heroe kufanikiwa kuzaliana hapo, na mwaka 2013 likaingia katika orodha ya Ramsar, ile ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Maji yenyewe mengi ni majitaka yaliyosafishwa mtamboni. Wapo wanaoyadharau. Bata waliokimbia barafu ya Asia hawayadharau hata kidogo.

Kwa hiyo ingia lango likifunguliwa tu, jua likiwa bado chini, na uligeuzie mgongo jua hilo. Vaa nguo za rangi ya mchanga. Kaa. Zima mlio wa simu, halafu endelea kukaa. Ndege aliyesafiri maelfu ya kilomita anakula ili apate nguvu za kurudi. Kila unapomrusha unamla nguvu hizo, na sisi tunaojiita wapenzi wa ndege ndio tunaopaswa kulijua hilo kwanza. Picha haina haki kuliko tumbo lake.

Wenzako wakikuhimiza, waambie watangulie, mtakutana kwenye gari.