Kipete cha fimbo ya gofu kikipanda, kagua kichwa kabla ya kushika gundi

Wengi wetu hapa Dar tunachezea fimbo za mtumba, na kasoro inayojitokeza mapema ni ya kile kipete cheusi cha plastiki kinachokaa pale mpini unapoingia kwenye shingo ya kichwa. Kinapanda taratibu, mpaka pengo linaingia kucha.

Kipete hakishiki kichwa. Kinachokishika ni gundi ya epoksi iliyo ndani ya shingo. Kipete kipo zaidi kwa ajili ya sura, na mara nyingi kimebanwa tu kwenye mpini. Mpini unapinda kila unapopiga, na ukiacha mfuko ndani ya buti la gari juani, joto nalo linachangia. Pengo peke yake lisikunyime usingizi.

Cha kuogopa ni kichwa kilicholegea. Bana kishikio katikati ya magoti, shika mpini kwa mkono mmoja na kichwa kwa mwingine, kisha jaribu kukizungusha na kukivuta. Kikilia au kikisogea hata kidogo, usipige tena na fimbo hiyo, hata mpira mmoja wa kujaribu, maana kinaweza kuchomoka na kumpata mtu. Hiyo ni kazi ya fundi. Kuna wanaomwaga supaglu kwenye pengo na kurudi uwanjani. Wamefunika dalili, kichwa bado kinacheza.

Draiva za kisasa, zile fimbo za kupigia mbali, ambazo kichwa chake hufungwa kwa skrubu zina habari nyingine. Pengo likiwa chini ya kipete, huenda skrubu haijakazwa. Tumia kifungulio kilichokuja na fimbo, kaza mpaka kilie, umemaliza.

Ukishahakikisha kichwa kimetulia, sukuma kipete juu kama sentimita mbili. Kikigoma, kipashe kwa draya ya nywele kwa sekunde chache tu. Moto mkali unalainisha gundi ya kichwa, na mpini wa grafaiti, yaani wa nyuzi za kaboni, hauupendi kabisa. Futa sehemu iliyoachwa wazi kwa spiriti, kisha ikwaruze kwa msasa laini pale tu patakapofunikwa na kipete. Kwenye grafaiti gusa juu juu, usifike kwenye nyuzi.

Changanya epoksi ya mirija miwili, sawa kwa sawa, upake utando mwembamba. Ukipaka nyingi, itajikusanya chini na kukizuia kipete kushuka. Kishushe huku ukikizungusha hadi kiguse shingo, na gundi iliyotoka uifute papo hapo. Kisipoteremka kwa mkono, chonga mfereji kwenye kipande cha ubao, uuegemeze juu ya kipete na ugonge polepole. Halafu kata utepe wa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, uuzungushie mpini kwa nguvu juu tu ya kipete ili kisipande tena. Isimamishe fimbo kichwa kikiwa chini mpaka kesho yake, hata kama pakiti imeandikwa dakika tano.

Supaglu mimi siipendi kwa kazi hii. Inashika haraka mno kabla hujakiweka sawa, inaacha ukungu mweupe kwenye plastiki nyeusi, na siku ukitaka kukisogeza tena itabidi ukikate.

Kipete kikishapasuka, gundi haisaidii. Kipya hakiingii mpaka kichwa kitolewe, na lazima kilingane na mpini: fimbo nyingi za chuma zina mpini wenye ncha ya unene wa inchi 0.355 au 0.370, na tofauti hiyo ndogo inatosha kukufanya urudi dukani.

Kurudisha mng'ao, lowesha kitambaa kwa asetoni, ile wanayofutia rangi za kucha saluni, upitishe mara moja kwa haraka. Ukikawia, plastiki inayeyuka, na ikigusa mpini rangi inatoka. Fanyia nje, mbali na jiko.