Anzia hapo hapo Nachingwea

Mdogo wangu, umeuliza uanzie wapi maana mtihani unagusa historia ya dunia nzima. Miaka iache kwanza, shika sababu: Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles uliofunga vita hiyo 1919, mdororo wa uchumi 1929, Hitler kuingia madarakani 1933, vita tena 1939. Ukieleza kimoja kilivyozaa kingine bila kufungua daftari, umeiva.

Halafu mifano ya nyumbani. Vita vya Pili vilipoisha, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula; 1947 ikaanzisha mradi wa karanga Kongwa, Urambo na hapo hapo ulipo, Nachingwea. Reli na bandari ya Mtwara vikaanza kujengwa, mradi wenyewe ukavunjwa 1951. Aya moja hiyo, ukoloni na uchumi wa baada ya vita vyote vimo! Vita vya kwanza navyo vilifika kwetu Lindi: mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917.

Mapinduzi ya Ufaransa usiyakwepe, hata kama yanachosha (mimi yalinichosha). Na maswali ya zamani yajibu kwa kalamu, saa iko mezani. Wengi wanaojua sana hujaza kurasa kwenye swali la kwanza, la mwisho wanaliandika mistari mitatu.