Vitabu vitatu nimemaliza, tovuti moja imenishinda

SWALI: Mwalimu shikamoo. Toka mwaka jana najifunza kutengeneza tovuti, nimesoma vitabu vitatu mpaka mwisho, kimoja ni cha 2008. Lakini nikikaa mwenyewe hakuna kinachotoka, nikipanga boksi tatu kwa float (amri ya kusogeza boksi upande ili zikae sambamba), ya tatu inashuka chini, nimehangaika nayo wiki nzima. Nisome nini tena?

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na hiyo boksi, maana shida yako yote iko hapo. Nadhani umeandika upana pikseli 300, halafu ukaweka padingi (nafasi ya ndani ya boksi) 20 kila upande na boda (mstari wa ukingo) ya pikseli 1, ukajua boksi ni 300, kumbe brauza imejumlisha 300 na 40 na 2 ikapata 342. Sasa kwenye nafasi ya pikseli 900 boksi tatu za 342 zinaeneaje? Lazima ya tatu ishuke. Ongeza mstari mmoja tu, box-sizing: border-box, padingi na boda zinahesabiwa humohumo ndani ya 300 na zote zinakaa sawa. Hili pengine ulishalisoma likapita, kwa sababu ulisoma na mkono haukuwa kwenye kibodi.

Hicho cha 2008, kwenye mambo ya kupanga ukurasa kiache. Enzi hizo safu zilipangwa kwa float kwa sababu hakukuwa na njia nzuri zaidi, leo tuna flexbox na grid, njia mpya za kupanga boksi, na grid yenyewe imeingia kwenye brauza kubwa 2017, kwa hiyo vitabu vingi vya kupanga ukurasa vya kabla ya hapo vitakufundisha mbinu za kuzungukazunguka tu. Angalia mwaka kabla hujafungua ukurasa wa kwanza, tafadhali sana.

Ila si kila cha zamani kimechina. Don't Make Me Think cha Steve Krug kilitoka 2000 na mpaka leo nakipendekeza kwa kila mtu, kwa sababu hakiongelei msimbo, kinaongelea binadamu, yaani mtu akifika kwenye ukurasa wako hasomi, anapitisha macho tu akitafuta pa kubonyeza. Hilo halijabadilika.

Kwa JavaScript, lugha ya kuupa ukurasa vitendo, soma Eloquent JavaScript cha Marijn Haverbeke, kipo bure mtandaoni na kina mazoezi kwenye sura nyingi. Kigumu kidogo katikati, usikate tamaa, rudia. Kingine cha bure ni Resilient Web Design cha Jeremy Keith, cha 2016, hiki kilinifungua macho mimi mwenyewe: HTML, lugha ya maudhui ya ukurasa, ikikutana na tegi (alama yake) isiyoijua inairuka inaendelea, CSS, lugha ya mwonekano, nayo hivyohivyo, lakini JavaScript ukikosea herufi moja inaweza kugoma faili zima. Ndo maana nasisitiza ukurasa usomeke kwanza kwa HTML tupu, mbwembwe baadaye.

Na MDN, tovuti ya marejeo ya HTML, CSS na JavaScript, usiisome kama kitabu, iache wazi pembeni unapofanya kazi, ukikwama tafuta jina la kitu chenyewe.

Sasa namna ya kusoma. Soma kurasa mbili, funga kitabu, andika mfano ule kwa kichwa chako bila kuchungulia, halafu uharibu makusudi, futa mabano, badilisha namba, uone brauza inafanya nini. Utaenda polepole mno na utaona unachelewa, sawa tu, sura moja kwa wiki inatosha.

SWALI: Mi nataka niruke CSS niende React (maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa) moja kwa moja, kuna kitabu?

JIBU: Vipo ndugu yangu, ila usiruke. React mwisho wa siku inatoa HTML ileile, na boksi ikishuka chini itashuka na huko pia. Jipe miezi michache ya HTML, CSS na JavaScript ya kawaida, kisha anza na mafunzo ya tovuti ya React yenyewe, yanaenda na wakati kuliko vitabu vingi.