Barua kwa mwanangu dereva: tezi imekua, tiketi ya kurudi usikate bado

Bombo, Uganda, Jumapili jioni

Mwanangu Juma,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma, na zile picha za karatasi za hospitali nimezikuza kwenye simu mpaka nikaziona namba zote. Umeuliza kama tezi dume iliyokua ndiyo saratani, kama uache kazi Abu Dhabi urudi kutibiwa nyumbani, na utaendeshaje basi la wafanyakazi kutwa nzima huku mkojo unakubana. Jambo la nne, la mkeo, umelizungukia tu. Nitalifikia.

Kwa desturi yetu mambo ya sehemu hizi baba hamwelezi mwana, humwachia mjomba. Lakini dawa umeshaanza kumeza, na mjomba wako dawa haijui. Tuvumiliane.

Tezi iliyokua si saratani, wala haigeuki kuwa saratani. Tezi dume imekaa chini ya kibofu na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Kuanzia miaka ya arobaini, sehemu ya ndani inayouzunguka mrija huanza kunenepa na kuubana, ndiyo maana mkojo unachelewa kuanza, unatoka mwembamba, unakatika, na ukimaliza unahisi bado upo. Saratani mara nyingi huanzia ukingoni, upande wa nyuma, mbali na mrija. Kwa hiyo inaweza kukua muda mrefu bila kuzuia mkojo hata kidogo. Shida yako ya mkojo haikuambii kitu juu ya saratani, si kwa heri wala kwa shari. Kipimo cha damu cha PSA na kidole cha daktari, anachopapasia tezi kupitia njia ya haja kubwa, ndivyo vinavyosaidia kujua.

Tuzitazame namba. Tezi yako ni mililita 38. Ya kijana huwa 20 hadi 25. Mkojo uliobaki kibofuni baada ya kujisaidia ni mililita 70. Huo ni wa kufuatilia, si wa kutisha. Ungevuka 300 ningekuandikia barua nyingine. Fomu ya maswali 7 imekupa alama 14 kati ya 35, na kuanzia 8 hadi 19 huitwa hali ya wastani. PSA ni 1.1, iko ndani ya kawaida kwa mtu wa miaka 48. Lakini wanaume weusi hupata saratani ya tezi zaidi na mapema kuliko wengine, kwa hiyo omba kipimo hicho kirudiwe kila mwaka, na kila karatasi uiweke. Namba inayopanda mwaka hadi mwaka ina maana kuliko namba moja. Siku mbili kabla ya kutolewa damu usimwage manii wala usiendeshe baiskeli, na kama umeugua maambukizi ya mkojo subiri wiki 6, la sivyo namba itapanda bure na utatishika bure.

Kwenye fomu wamekuuliza kama kuna saratani ya tezi katika ukoo, nawe umeandika hapana. Irekebishe. Babu zako wote wawili walifariki bila kupimwa kitu. Jibu la kweli ni "haijulikani", na daktari akiliona atakufuatilia kwa karibu zaidi.

Karatasi haionyeshi kama daktari alikupima kwa kidole, wala kama sukari ilipimwa. Viulizie vyote viwili. Mtu mwenye kisukari naye huamka mara nne usiku, na tezi ikabebeshwa lawama isiyo yake. Sukari ya damu kabla ya kula ikifika 7.0, au 126 kwa vipimo vya huko, kipimo kirudiwe. Tena mwambie mambo mawili ambayo daktari wa huko huenda asiyawaze. La kwanza, kama uliwahi kuugua kisonono, hata kama ni zamani na kikapona, kwa sababu huacha kovu ndani ya mrija, na kovu halisikii dawa ya tezi. La pili, zile siku ulipoendesha lori la Lira: kichocho cha kibofu hapa Uganda kinajulikana hasa upande wa Lango, ulimo mji huo. Kama ulioga au kuvuka maji ya huko kwa miguu, lazima alijue, hasa ukiona damu kwenye mkojo.

Sasa dawa. Tamsulosin ya miligramu 0.4 haipunguzi tezi. Inalegeza misuli ya shingo ya kibofu na ya tezi yenyewe ili njia ifunguke. Utaanza kuona tofauti ndani ya siku chache, lakini usiihukumu kabla ya wiki 4. Hapo jaza tena ile fomu ya maswali 7 ulinganishe alama. Kapsuli imeze nzima, usiifungue wala kuitafuna, maana imetengenezwa iachie dawa polepole. Ukiivunja inaingia kwa mkupuo na presha inashuka. Imeze baada ya mlo uleule kila siku. Kwako nachagua chakula cha usiku, kwa sababu kizunguzungu kikija kikukute kitandani, si barabarani. Ukiamka kwenda msalani kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, hesabu mpaka thelathini, ndipo usimame. Wengi wanaoanguka huangukia hapo. Siku mbili tatu za kwanza omba zamu ya mapumziko au kazi ya gereji. Ukiona kichwa kinazunguka, basi la abiria hamsini usiliguse.

Pua inaweza kuziba kidogo. Manii yanaweza kupungua au yasitoke kabisa. Hilo linawatia wanaume hofu kuliko ugonjwa wenyewe, lakini halidhuru, na dawa ikiachwa hali hurudi. Mkitaka mtoto mwingine mwambie daktari mapema. Alfuzosin ya miligramu 10 hufanya kazi ileile na huwa haisumbui sana upande huo. Siku yoyote ukiambiwa una mtoto wa jicho unahitaji upasuaji, mtajie daktari wa macho kwamba ulitumia tamsulosin, hata kama uliiacha zamani, kwa sababu dawa hii hulegeza mboni na yeye hujiandaa tofauti.

Ukipewa vidonge vya nguvu za kiume na wenzako kambini, vikatae. Vikikutana na tamsulosin presha inaweza kuanguka ghafla. Na zile chupa zinazouzwa kama "mitishamba ya wanaume", hata zile za soko la Owino, Kampala, nyingine zimekutwa zimechanganywa na dawa hizohizo bila kuandikwa. Mama yako anataka kukutumia unga wa gome la entaseesa (Prunus africana). Mti wenyewe hauna shida. Gome lake limenunuliwa na viwanda vya Ulaya kwa ajili ya tezi hii hii, mpaka biashara yake ikawekewa udhibiti wa kimataifa mwaka 1995. Majaribio ya muda mfupi yalionyesha nafuu kidogo ya dalili. Lakini unga usio na lebo haukuambii kipimo, na begi lenye unga usiojulikana katika uwanja wa ndege wa huko ni balaa la kujitafutia. Nimemzuia. Hali kadhalika asikutumie mtu dawa za maumivu zenye tramadol au kodeini. Huko bila kibali ni kesi.

Kinachoniogopesha mimi ni mafua. Dawa nyingi za mafua zina pseudoephedrine, inayoikaza misuli ileile ambayo tamsulosin inailegeza, au chlorpheniramine, inayolidhoofisha kibofu lisisukume. Mtu mwenye tezi kama yako anameza vidonge viwili vya mafua, analala, anaamka mkojo umefunga. Dawa za aleji zinazoleta usingizi na Buscopan ya tumbo zina tabia hiyohiyo. Dukani usiseme tu "nipe ya mafua"; sema una tezi. Paracetamol haina neno. Kufunga choo nako huziba mkojo, maana kinyesi kigumu hukandamiza kutokea nyuma, kwa hiyo papai na maharage usiviache.

Mkojo ukifunga, yaani umepita saa 6 bila kutoa hata tone huku tumbo chini ya kitovu limejaa na linauma, usijaribu maji ya moto wala usingoje asubuhi. Piga 998, gari la wagonjwa. Watakuwekea mpira wa kutolea mkojo, na nafuu inakuja papo hapo. Kwa kawaida mpira hukaa siku mbili tatu ukiendelea na dawa, kisha hutolewa kujaribu kama utakojoa mwenyewe. Kuwekewa mpira si hukumu ya kupasuliwa. Nenda haraka vilevile ukipata homa ya kutetemeka pamoja na maumivu ya mkojo, damu yenye mabonge, au miguu kupoteza nguvu pamoja na mgongo kuuma.

Barabarani sasa. Kosa la madereva ni kuacha kunywa maji. Katika joto la huko mkojo uliokolea huliwasha kibofu, likabana zaidi, na mawe ya figo yakafuata. Kunywa kidogokidogo kutwa, mkojo uwe na rangi ya njano hafifu, kisha punguza saa mbili au tatu kabla ya kulala. Cha kupunguza ni ile chai ya karak, chai nzito ya maziwa ya huko, na vinywaji vya kuongeza nguvu, maana kafeini huharakisha mkojo. Kikombe kimoja asubuhi kinatosha. Nenda msalani kabla ya kutoka kambini na kila mwisho wa safari hata kama hujabanwa, usikae zaidi ya muda wa saa 3 bila kwenda. Ukimaliza usiondoke, subiri nusu dakika, pumua, jaribu tena, na utashangaa kinachotoka. Kaa au chuchumaa, usisimame. Omba daktari akuandikie barua kwamba unahitaji kusimama kila baada ya saa mbili au tatu. Si lazima itaje ugonjwa, na msimamizi hana haja ya kuujua.

Kwa siku tatu nunua jagi la plastiki lenye alama za mililita na uandike saa, kiasi ulichotoa na ulichokunywa. Kama zaidi ya theluthi ya mkojo wa siku nzima unatoka usiku, basi tezi siyo mkosaji peke yake. Dereva akikaa kutwa, maji hutuama miguuni, akilala yanarudi kwenye damu na figo zinayatoa. Bonyeza kifundo cha mguu jioni. Kikibaki na shimo, lala chali ukiinua miguu saa moja kabla ya kulala usiku, na umwonyeshe daktari asikilize moyo.

Kuhusu matone baada ya kujisaidia na wasiwasi wa udhu: istibrai uliyofundishwa madrasa, yaani kuhakikisha mkojo umekwisha, ndiyo hiyohiyo wanayoifundisha wataalamu wa mazoezi ya viungo. Weka vidole nyuma ya korodani, bonyeza juu, vuta taratibu kuja mbele, mara mbili tatu. Usikamue kwa nguvu, utajiumiza. Matone yakizidi kutoka bila kukoma, sheria ya mwenye udhuru ipo. Muulize shekhe wa msikiti wa hapo. Ramadhani dawa unaimeza baada ya futari na haigusi saumu yako. Maji yagawe kati ya futari na daku, usigugumie lita nzima wakati wa daku kisha uingie barabarani saa 11 alfajiri.

Kurudi sasa hivi sikushauri. Ukiacha kazi unaacha bima ya mwajiri, na ugonjwa wako kwa kiwango hiki unatibiwa kwa kapsuli moja kwa siku. Uliza bima kama dawa ya kila mwezi imo, na kama upasuaji unahitaji kibali cha mapema. Dawa ikishindwa, daktari anaweza kuongeza finasteride ya miligramu 5, ambayo huipunguza tezi yenyewe kama robo, ila inachukua miezi 6 au zaidi. Ukiianza kumbuka PSA itashuka karibu nusu, kwa hiyo asiyejua ataiona nzuri kuliko ilivyo. Usiache vidonge vilivyovunjika ovyo ukija likizo, mwanamke mjamzito hapaswi kuvishika. Upasuaji wa kupitia njia ya mkojo, bila kupasua tumbo, ni wa mkojo unaofunga tena na tena, mawe ya kibofu, damu isiyokoma au figo zinazoumia. Hata hapa Uganda unafanyika. Ukifikia huko tutazungumza mahali na gharama, na likizo ya wiki 4 hadi 6 bila kunyanyua vitu vizito.

Mkeo. Tezi kukua hakumalizi nguvu za kiume. Finasteride inaweza kupunguza hamu kwa baadhi ya wanaume, tamsulosin inaweza kukausha manii, na hayo mawili usipomwambia wewe atayatafsiri mwenyewe ukija likizo: atadhani una mwingine huko. Mweleze kwa simu, si kwa ujumbe wa maandishi, siku ambayo watoto hawapo karibu. Jana ameniuliza kwa nini sauti yako imebadilika. Nimemwambia utampigia kabla ya Ijumaa.

Wasalaam,
Baba yako