Injini inanipa njia tano, nifuate ipi?

SWALI: Shikamoo kaka. Mi niko Nkuhungu hapa Dodoma, jioni nacheza chesi na jamaa yangu halafu usiku naingiza gemu kwenye simu nalichambua na Stockfish, ile injini (programu) ya chesi. Nimewasha zile njia tano bora inazopendekeza, sasa namba za kupima nani anaongoza hazitulii, mara +0.4 mara +0.1, ya tatu inapanda inakuwa ya kwanza, na simu inachemka kama jiko. Jamaa anasema soma ya juu tu, zingine mbwembwe. Nimsikilize?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Jamaa yako anakunyima utamu wenyewe.

Kwanza hilo la simu. Injini ukiidai njia moja, hatua yoyote ikionekana haiifikii iliyo bora inatupwa palepale, haihangaiki kujua ni mbovu kiasi gani. Ukidai tano inabidi izipime zote sawasawa, ndo maana inachelewa kwenda kina, yaani kutazama hatua nyingi mbele. Weka tatu, iache ifike kina cha 20 hivi ndo uanze kusoma.

Sasa ukisoma usikimbilie ya juu, angalia pengo. Chukua mwanzo huu (herufi na namba ni kiwanja kete inapoenda, bila jina la kete ni kitunda): e4 e5, farasi f3, farasi c6, zamu ya mweupe: askofu b5, askofu c4, d4, zote zimebanana, leo hii juu kesho ile, hamna cha kuumiza kichwa hapo, cheza unayoielewa. Haya, umecheza askofu c4, mweusi kaleta farasi f6, ukarusha farasi g5 unaiwinda f7. Soma njia za mweusi sasa: d5 imekaa juu peke yake, zinazofuata ziko mbali kabisa. Hapo ndo pa kusimama, maana mweusi ana mlango mmoja tu, na kama jamaa hakuuona basi gemu liliharibikia pale na sio kule mwisho alikopoteza ngome na kuanza kulalamika. Wazee wa drafti wanalijua hili bila injini, kuna zamu unachagua na kuna zamu unalazimishwa.

Hatua uliyocheza wewe isipokuwemo kwenye zile tatu, isogeze mwenyewe ubaoni uone injini inajibu nini. Mara nyingi lile jibu ndo ulilokuwa hulioni mchezoni, na mi hapa ndo nilipojifunza zaidi kuliko kwenye namba zote.

Na namba zenyewe, jumlisha kwa kawaida ni faida ya mweupe. Tangu Stockfish 15.1 ya mwaka 2022, +1.00 maana yake nafasi ya kushinda ni kama asilimia 50, tena injini ikicheza na injini mwenzake. Kwa hiyo nyie mnaoachiana malkia bure 0.1 na 0.4 zisiwanyime usingizi.

Halafu simu usiichaji huku unachambua, utaua betri.