Daftari la Mashairi Lililofichwa Chini ya Godoro

Msomaji mmoja ametuandikia: ana daftari limejaa mashairi, na hajawahi kumsomea mtu hata ubeti mmoja. Anauliza ujasiri unapatikana wapi. Sisi tunamuuliza kwanza: mashairi yenyewe yanasomeka? Hofu nyingi ya jukwaani ni mizani, yaani silabi za mstari, iliyozidi. Ulimi unajua upo mshororo (mstari wa shairi) utakaoukwaa, hata kama mwenye ulimi hajui.

Basi hesabu. Tarbia iliyozoeleka ina mishororo 4 kila ubeti, na mizani 16 kila mshororo: 8 za ukwapi, nusu ya kwanza, na 8 za utao, nusu ya pili. “Nina langu la kusema, naogopa kulitoa” umetimia. Tia “ila” kabla ya “naogopa”, utao unafika 10. Ukiuimba, pumzi inakatika kabla ya kufika kwenye kina, silabi ya mwisho inayofanana mshororo kwa mshororo, sauti inayumba, nawe unasingizia woga. Wengi hupotezwa na herufi m. “Mtu” ni mizani 2, m-tu, kwa kuwa m imesimama peke yake. “Mbuzi” nayo ni 2, mbu-zi, kwa kuwa hapo m imeshikana na b. Gonga meza kwa kidole kila silabi. Macho huruka, kidole hakiruki.

Chagua shairi moja tu, la beti 5. Ni mishororo 20, kama dakika mbili za kusoma kwa utulivu. Jirekodi kwa simu chumbani, feni ikiwa imezimwa, kisha usisikilize mpaka kesho yake. Leo utasikia ulichokusudia. Kesho utasikia ulichosema.

Msikilizaji wa kwanza asiwe mama. Mama atasifu. Mtafute mtu apendaye mashairi, na usimuulize “Ni zuri?” Muulize, “Umepotea wapi?” Akitaja ubeti wa tatu, na mwingine akautaja huohuo, urekebishe. Wakitofautiana, acha sikio lako liamue.

Siku ya kusoma mbele ya watu, karatasi moja nyepesi ni adui: mkono ukitetemeka kidogo, yenyewe inapepea na ukumbi mzima unaona. Tumia daftari lenye jalada gumu, andika kwa herufi kubwa, ubeti mmoja kila ukurasa. Ukisomea kwenye simu, iweke isijizime kioo. Kipaza sauti kiwe upana wa kiganja kutoka mdomoni, kikae pembeni kidogo, maana p na b hupasuka zikikipiga moja kwa moja. Ubeti wa kwanza na wa mwisho uwe nao kichwani. Vuta pumzi kwenye mkato, katikati ya ukwapi na utao. Ndiyo kazi yake.

Kwa mwenye haya, hakuna msaada kama kibwagizo. Mshororo wa mwisho ukirudi uleule kila ubeti, kufikia ubeti wa tatu hadhira inaudaka na kuuitikia. Wao wanaimba, wewe unapumua. Bahari, yaani aina za ushairi, za siku hizi zisizo na vina zina uzuri wake, ila hazina huruma hiyo.

Na tafadhali, usianze na “samahanini, mimi si malenga”. Washairi wa kale nao walijishusha, lakini walijishusha ndani ya ubeti, kwa vina na mizani.

Ukisambaza kwa WhatsApp, kioo chembamba huvunja mshororo wa mizani 16 popote kinapotaka, vina vya kati vikapotea. Andika ukwapi mstari wake, utao mstari wake. Uambatishe na sauti.

Anayeogopa kuibiwa aandike tarehe chini ya kila shairi. Kazi inaweza pia kusajiliwa kwenye taasisi ya hakimiliki: Tanzania kuna COSOTA, Kenya kuna KECOBO.

Anayeogopa kupingwa, hapo sisi hatumwonei huruma sana. Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa alilumbana na washairi wa Lamu karne ya 19, na gazeti la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilichapa mashairi ya wasomaji wake. Katika ushairi huu, shairi hujibiwa kwa shairi. Mtu akikubeza kwa maneno makavu, nyamaza. Akikubeza kwa tarbia iliyotimia, mjibu kwa bahari ileile na vina vilevile, na kabla ya kutuma, gonga meza tena.